Arbuni ya vespa iliyouzwa kwa uongo: lini inarudi na inadaiwa vipi

"Arbuni hairudi." Mnunuzi aliyekwisha kutoa laki tatu au nne akalisikia neno hilo kwa dalali, mara nyingi hunyamaza akaondoka. Kauli hiyo inamhusu mtu mmoja tu: aliyegeuza nia. Alikubali bei, akatoa arbuni ili chombo kisiuzwe kwa mwengine, kisha akapata cha bei nafuu zaidi au pesa iliyobaki ikamshinda. Muuzaji aliyemsubiri na kuwarudisha wateja wengine ana hoja. Lakini aliyeambiwa "injini haijaguswa" kumbe imeshafunguliwa, au "kadi ni yangu" kumbe ni ya mtu wa Fuoni anayekusanya pesa ya mkataba kila siku, hakugeuza nia. Alikubali kwa sababu ya maneno ambayo hayakuwa kweli. Kwake yeye arbuni inarudi yote, na mara nyengine na gharama juu yake.

Anayelipwa na asiyelipwa hutofautishwa zaidi na mambo aliyoyafanya siku mbili tatu za mwanzo baada ya kugundua. Ndiyo maana yafaa kuujua mpangilio wake kabla hasira haijapanda.

Sheria inatazama nini

Mikataba ya mauziano Zanzibar ina sheria zake, si zile za Bara. Ya msingi ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 149, iliyojengwa juu ya sheria ya India ya mwaka 1872. Pembeni yake ipo sheria ya mauzo ya bidhaa, inayofuata misingi ya ile ya Kiingereza ya mwaka 1893. Kwa mujibu wa misingi hiyo, ridhaa iliyopatikana kwa maelezo ya uongo si ridhaa huru, na mkataba wa namna hiyo unatenguka kwa hiari ya aliyedanganywa. Ukitenguka, kila mmoja anamrudishia mwenziwe alichopokea: wewe chombo, yeye pesa.

Ili ufike hapo unahitaji kuonyesha kwamba muuzaji alitamka jambo la hakika, kwamba jambo hilo si kweli, na kwamba ulikubali kwa kulitegemea. Jambo la hakika ni lile linaloweza kupimwa: mwaka, ukubwa wa injini, umiliki, ajali, kilomita. "Mashine kali hii, hutojuta" ni sifa ya sokoni na hakuna hakimu atakayeipima. "Haijawahi kupata ajali" inapimika.

Huna haja ya kuthibitisha kwamba muuzaji alijua kuwa anasema uongo. Hata kama naye alidanganywa na aliyemuuzia, mauziano yanatenguka. Kujua kwake kunaongeza uzito pale tu unapodai fidia juu ya pesa yako, au unapokwenda polisi.

Sasa upande ambao wanunuzi wengi hawautarajii. Kama muuzaji hakujua, au alinyamaza tu, na kasoro ilikuwa wazi kiasi kwamba mtu mwangalifu wa kawaida angeiona, unaweza kunyimwa haki ya kutengua. Tairi lililoisha, taa iliyovunjika, kutu iliyotoboa bomba la moshi: hayo ulikuwa nayo mbele ya macho. Lakini kinga hiyo haimsaidii aliyesema uongo kwa mdomo wake huku anajua. Ukimuuliza "imewahi kupata ajali?" akajibu "hata siku moja", hawezi kujitetea kwa kusema ulipaswa kuchungulia chini ya fremu. Kwa hiyo uliza maswali, na uyaulize kwa ujumbe wa simu ili majibu yabaki. Swali moja lililojibiwa kwa maandishi lina nguvu kuliko mashahidi wawili wa kusikia.

Maneno "nauza kama ilivyo" nayo yana mpaka. Yanamkinga muuzaji dhidi ya kasoro ambazo hakuzisemea kitu. Hayamkingi dhidi ya uongo alioutamka.

Kwa kuwa wengi wetu tunapima mauziano kwa dini kabla ya mahakama, jambo hili pia linafaa kuwekwa sawa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja na Pemba, mauziano yenye sharti kwamba mnunuzi akijitoa arbuni inaliwa hayasihi. Imamu Ahmad aliyaruhusu, na mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao cha Brunei, liliyaruhusu kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekwe wazi. Ama mali yenye aibu, yaani kasoro, iliyofichwa, haki ya kuirudisha ipo, na Mashafi wanataka irudishwe mara tu aibu inapojulikana. Ukiendelea kuitumia baada ya kujua, umeiridhia. Muuzaji anayekwambia "arbuni hairudi hata kisheria ya dini" anafaa kukumbushwa hayo mbele ya watu wazima. Ila usipeleke kesi hii kwa kadhi: mahakama yake inahusu ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mambo ya aina hiyo.

Uongo wa injini, na namna ya kuuthibitisha bila kuiharibu

Kosa linaloua madai mengi ni hili: mnunuzi anagundua injini inakula oili, anaipeleka kwa fundi, fundi anaifungua siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo muuzaji ana jibu: "Mimi nilikupa nzima, fundi wako ndiye aliyeiharibu." Na hakuna wa kumkanusha, kwa sababu hali ya mwanzo imeshatoweka.

Usifungue injini kabla muuzaji hajapewa taarifa na nafasi ya kuja kushuhudia. Kuna mengi yanayoonekana kwa nje. Injini iliyokwisha kufunguliwa huacha alama kwenye vichwa vya bolti: rangi ya kiwandani imebanduka, pembe zimelika na spana. Kwenye maungio ya kichwa cha injini na silinda utaona silikoni imetokeza, nyekundu au ya kijivu, mahali ambapo kiwanda huweka gaskiti safi. Piga picha za karibu, na moja ya mbali inayoonyesha namba ya chombo ili isisemwe ni picha za pikipiki nyengine.

Kisha pima kampresheni kwa geji. Injini iwe ya moto, plagi itolewe, aksileta ifunguliwe mpaka mwisho, kiki ipigwe mpaka mshale usipande tena. Andika namba. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, tazama vali au gaskiti ya kichwa. Kipimo hiki hakigusi bolti hata moja ya injini na kinamalizika ndani ya nusu saa. Kilinganishe na kiwango cha kitabu cha modeli hiyo, si na kiwango cha kichwani mwa fundi.

Moshi una mtego wake. Kwenye injini za stroki nne, moshi wa buluu unaotoka mfululizo chombo kikiwa na mzigo huashiria ringi, na ule unaotoka kwa mkupuo ukipandisha resi baada ya kusimama huashiria sili za vali. Lakini vespa kongwe na skuta nyingi ndogo za zamani za Japan ni stroki mbili, zinachoma oili pamoja na petroli kwa maumbile yake. Moshi peke yake hapo si ushahidi wa kitu.

Ukubwa wa injini ni uongo mwengine wa skuta zilizokwisha kutumika Japan. Chombo kinauzwa kama cha sisi (cc) 100 kumbe ni cha 50. Skuta za soko la ndani la Japan hazina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Zina namba fupi ya fremu inayoanza na msimbo wa modeli. Kwa Honda, AF ni daraja la sisi 50, HF ni 90, JF ni 100 hadi 125. Injini nayo ina msimbo wake, wenye herufi E mwishoni. Fremu ikisema AF34, injini yake ya asili itasema AF34E. Zikipishana, injini imebadilishwa, na hilo lina athari zaidi ya bei: namba ya injini iliyo kwenye kadi haitolingana na chombo, na utakwama siku ya kubadilisha umiliki.

Halafu kuna chumvi. Vyombo vilivyokodishwa kwa wageni kule Nungwi, Paje na Jambiani hupita mchangani na kupigwa na upepo wa bahari kila siku. Kutu huanzia ndani ya bomba za fremu na mahali mkono wa gurudumu la nyuma unapoungana na fremu. Rangi mpya nene huizima kwa miezi michache. Ukiambiwa "ilikuwa ya mwalimu, skuli na nyumbani tu" ukakuta rangi mpya juu ya mashimo ya kutu, gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Mwite fundi wa kuchomelea aandike alichokiona.

Kilomita ni ngumu zaidi kuthibitisha. Mita nyingi huendeshwa na waya kutoka gurudumu la mbele. Ukitolewa, au mita nzima ikibadilishwa, hakuna kumbukumbu. Ushahidi wake ni wa kukusanya: mipira ya kukanyagia iliyolika, diski ya breki yenye ukingo, swichi ya ufunguo iliyolegea. Usitegemee hoja ya kilomita peke yake.

Ripoti ya fundi iwe ya maandishi, yenye jina lake, simu, tarehe, namba ya chombo, alichopima na alichokiona. Bora asiwe yule atakayekutengenezea, maana atasemwa anatafuta kazi. Mafundi wawili wasiofahamiana ni bora zaidi, na gharama yao ni ndogo ukilinganisha na pesa inayodaiwa.

Uongo wa umiliki

Huu ni mzito kuliko wa injini na njia yake ni nyengine. Usajili wa vyombo vya moto Zanzibar uko Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo wengi bado wanaiita ZRB. Nenda na namba ya chombo ujue kimesajiliwa kwa nani. Kama kina namba ya MC, kumbukumbu zake ziko TRA upande wa Bara, na ahadi ya "kadi iko Dar, itakuja na boti" isikufanye uongeze hata senti.

Mara nyingi muuzaji ni dereva wa bodaboda aliyepewa chombo kwa mkataba: analipa kila siku, na kadi inabaki kwa mwenye mali mpaka deni liishe. Au kadi imewekwa rehani kwa mkopo. Kanuni ni kwamba asiyemiliki hawezi kukupa umiliki. Hapo umelipia kitu usichopewa kabisa, na pesa yako yote inarudi hata kama ulishakitumia chombo. Mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1923 katika shauri la Rowland dhidi ya Divall: mnunuzi alikuwa ameitumia gari kwa miezi kadhaa, ikabainika ni ya wizi, akarudishiwa bei nzima.

Ukikuta namba ya fremu imesuguliwa, imechomelewa kipande, au herufi zake hazikukaa mstari mmoja, usimrudishie muuzaji chombo. Nenda nacho polisi, upate namba ya jalada. Ukikirudisha umepoteza ushahidi, na kama ni cha wizi utaulizwa kwa nini ulikitoa mikononi mwako ulipokijua.

Siku ya kwanza baada ya kugundua

Acha kukiendesha. Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo gumu kwa anayekitegemea kwa riziki. Kila safari unayopiga baada ya kujua kasoro ni dalili kwamba umekubali mauziano, kwa sheria ya nchi na kwa fiqhi. Kiweke pahala pakavu, piga picha ya mita, andika tarehe.

Usifute kitu kwenye simu. Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar ya mwaka 2016 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini picha ya skrini peke yake hubishiwa kirahisi. Simu yenyewe yenye mazungumzo ndiyo itakayoombwa. Kama mazungumzo ya WhatsApp yamewekwa kufutika yenyewe, zima mpangilio huo sasa na uyahamishe kwenye barua pepe yako. Ulilipa kwa simu? Hifadhi ujumbe wa muamala, maana una jina, kiasi, saa na namba ya kumbukumbu. Ukishaupoteza, omba taarifa ya miamala kwa mtandao wako. Ulilipa mkononi bila ya risiti? Mtumie muuzaji ujumbe wa kawaida, usio wa ugomvi: "Ile laki nne niliyokupa juzi mbele ya kaka yako, nataka tuzungumze kuhusu chombo." Akijibu kuhusu chombo bila ya kuikana pesa, umepata risiti.

Kisha toa taarifa ya kutengua. Simu ya hasira si taarifa. Andika, mfano huu:

*Assalaam alaykum. Tarehe … nilikupa shilingi 400,000, arbuni ya vespa namba Z …, kwa bei ya shilingi 1,800,000. Kabla sijalipa uliniandikia kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Tarehe … imekaguliwa na mafundi wawili na kuonekana imefunguliwa na silinda imelika. Ripoti zao nimeziambatisha. Nilikubali kununua kwa kuyategemea maneno yako. Kwa hivyo nayatengua mauziano haya kuanzia leo. Chombo kipo kwangu, sikitumii, na nitakukabidhi pale pale utakaponirudishia pesa. Ukitaka kukikagua kwa fundi wako, karibu ndani ya siku tatu. Naomba pesa ifike ndani ya siku saba.*

Itume kwa simu, na nakala ya karatasi umpelekee pamoja na shahidi. Mwaliko wa kukagua usiuache: unamwondolea neno la kusema hakupewa nafasi.

Kama kulikuwa na dalali, mpelekee naye. Dalali aliyemtaja mwenye mali na kuzungumza kwa niaba yake anamfunga mwenye mali kwa maneno yake, hata ya uongo. Dalali aliyemficha mwenye mali, au ambaye pesa bado iko mfukoni mwake, anadaiwa yeye. Usipojua pesa ilisimama kwa nani, uwadai wote wawili, wataonyeshana wenyewe.

Unadai kiasi gani

Chukua mfano huo wa arbuni 400,000. Ukaguzi wa mafundi 30,000, usafirishaji wa chombo 20,000. Dai ni 450,000. Kipato cha bodaboda kilichopotea ni kigumu kukipata bila ya daftari la mapato, na kukidai kunahitaji kuonyesha udanganyifu wa makusudi. Kukitia bila ya ushahidi kunadhoofisha dai lote.

Pengine unakitaka chombo hicho hicho, ila kwa bei ya ukweli. Hiyo ni njia ya pili, na huwezi kuzipanda zote mbili. Kama silinda, pistoni na ufundi vinagharimu 280,000, bei ishuke kutoka 1,800,000 hadi 1,520,000, na arbuni ihesabiwe ndani yake. Kwa uongo wa injini makubaliano haya mara nyingi yana faida kwa wote. Kwa uongo wa umiliki usiyakubali hata ukipunguziwa nusu.

Wapi pa kwenda

Anza kwa sheha wa shehia anayoishi muuzaji. Sheha hana uwezo wa kuhukumu wala kukamata mali, lakini anamjua mtu wake na wazee wake, na wengi hulipa hapo kwa kuepuka aibu. Mkikubaliana alipe kwa awamu, yaandikwe: kiasi, tarehe, mahali, namba za vitambulisho vya Mzanzibari, saini za mashahidi wawili, na neno kwamba awamu moja ikikosekana deni lote linadaiwa kwa mara moja. Usitoe chombo kwa awamu ya kwanza, isipokuwa karatasi iseme wazi kwamba kukitoa hakufuti deni.

Kama muuzaji ni mfanyabiashara mwenye duka au yadi, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara inapokea malalamiko ya walaji. Kwa jirani anayeuza vespa yake ya pekee, hapo si pake.

Polisi ni kwa jinai: namba zilizoghushiwa, mali ya wizi, mtu aliyepokea arbuni za watu wanne kwa chombo kimoja. Sheria ya Adhabu namba 6 ya 2018 inaadhibu kujipatia mali kwa udanganyifu. Lakini ukipeleka silinda iliyolika utaambiwa ni madai, na ni kweli. Polisi si mkusanyaji wa madeni, na kesi ya jinai ikianguka kwa kukosa ushahidi wa nia, muuzaji ataitumia kama ngao hata mahali ambapo haimkingi.

Mahakama ndiyo njia ya mwisho na ndiyo yenye meno. Kiasi kinaamua uanzie mahakama ya ngazi gani. Karani wa mahakama atakupanga. Mahali pa kufungulia ni anapoishi mdaiwa au mauziano yalipofanyika. Hili linamgusa sana mnunuzi wa Wete au Mkoani aliyenunua kwa picha kutoka mjini Unguja: akiwa alikubaliana na kulipa akiwa Pemba, ana hoja ya kufungua Pemba, na nauli za boti zimwangukie mwengine. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na wasaidizi wa sheria wa majimboni husaidia kuandika hati ya madai kwa asiyeweza kumlipa wakili.

Hukumu ikitoka, pesa haiji yenyewe. Muuzaji asipolipa katika muda aliopewa, unarudi mahakama ile ile na maombi ya kukazia hukumu, ukitaja mali yake inayoweza kukamatwa na kuuzwa. Kama vespa imesajiliwa kwa jina lake na umekwisha kumrudishia, iandike ya kwanza kwenye orodha, pamoja na namba yake na shehia inapolala.